Mwenye Mfanyakazi Mmoja Naye Ni Mwajiri

Ikiwa kila asubuhi mtu mwingine huamka kabla yako akakamua ng'ombe wako, akakata majani na kufagia zizi, na mwisho wa mwezi ukampa mshahara, basi wewe ni mwajiri. Hata kama una ng'ombe wawili tu. Hata kama mfanyakazi huyo ni mtoto wa jirani na anakula chakula kile kile unachokula wewe. Wengi wetu hudhani kwamba neno mwajiri ni la wenye mashamba makubwa ya chai na maua, walio na ofisi na makarani. Lakini sheria haikuhesabu ekari. Ilihesabu watu wanaolipwa.

Naandika haya kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuja dirishani petu mwisho wa mwezi. Alikuja kwa habari ya mbolea, na alipokwisha kupata jibu lake hakuondoka. Alisimama pale akigeuzageuza kofia, kisha akasema: "Mwalimu, hebu nisaidie hesabu." Huniita Mwalimu maana kabla sijaingia ukarani nilifundisha, na mjukuu wake alipita darasani kwangu. Mzee huyu ana kijana aliyemwandika kazi ya ng'ombe huu ni mwaka wa nne, kwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Sokoni ameambiwa kwamba yampasa kutuma shilingi elfu mbili na zaidi kila mwezi kwa ajili ya kijana huyo. "Nikimkata yeye, atahama. Nikitoa mimi, nitauza ndama. Sasa hiyo ni bima ya nani?"

Swali lake ni zuri, na halijibiwi kwa kusema "ni sheria". Basi tulikaa tukaihesabu, nami nataka tuihesabu tena hapa pamoja nawe.

Mshahara ni shilingi 12,000. Kwanza ni akiba ya uzeeni, yaani NSSF. Mfanyakazi hutoa sehemu 6 katika kila 100, ambazo ni shilingi 720, na mwajiri naye huongeza 720 kutoka mfukoni mwake. Pili ni bima ya afya ya SHIF: sehemu 2.75 katika kila 100, ambazo ni shilingi 330, na hizo hutoka kwa mfanyakazi peke yake. Mwajiri haongezi kitu. Tatu ni ada ya nyumba, sehemu moja na nusu katika kila 100, yaani shilingi 180 kwa mfanyakazi na 180 kwa mwajiri. Kodi ya mapato kijana huyu hafikii. Kwa hiyo yeye hukatwa 1,230 na kwenda nyumbani na 10,770. Mzee huongeza 900 juu ya mshahara. Fedha zinazotumwa kwa jumla ni 2,130. Sokoni hawakusema uwongo, ila walimtupia mzee mzigo wote, hali sehemu yake ni 900 tu.

Mzee aliitazama ile 900 kwa muda mrefu. Najua alikuwa akiibadili kuwa lita za maziwa kichwani. Sitaki kusema kwamba ni kitu kidogo. Mtu anayesema shilingi 900 ni kitu kidogo hajawahi kununua chakula cha ng'ombe mwezi wa Februari.

Lakini tazama zinakokwenda. Zile 1,440 za NSSF hazipotei katika mfuko wa watu wote. Huandikwa kwa jina la kijana na namba yake, nusu zikiwa zimetoka kwake na nusu kwa mzee, nazo huongezewa faida. Hii kwa kweli ni akiba kuliko bima. Ni zake akifika miaka 60. Na kabla ya hapo, akilemaa asiweze kazi, au akifa akaacha watoto, ziko. Mfuko huu uliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na kwa miaka mingi kabla ya mabadiliko mchango ulikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri, hata mtu awe na mshahara mkubwa namna gani. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2013, ikakaa mahakamani karibu miaka kumi, na makato mapya yakaanza Februari 2023 baada ya hukumu ya Mahakama ya Rufani. Ndiyo maana watu waliona kama jambo limeanguka kutoka mbinguni.

Chukua kalamu. Mtu anayewekewa 400 kila mwezi kwa miaka 30 huwa amewekewa shilingi 144,000 kabla ya faida. Uzee wa miaka kumi au ishirini hauishi kwa fedha hizo. Hazitoshi hata kununua ng'ombe mmoja wa gredi na kumjengea banda zuri. Anayewekewa 1,440 kwa miaka hiyo hiyo huwa na 518,400 kabla ya faida. Huo nao si utajiri. Lakini kuna tofauti kati ya mzee anayeweza kununua dawa yake na mzee anayesubiri mtoto atume.

Bima ya afya ni jambo la namna nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Zile 330 hazikai kwa jina la mtu. Huingia katika chungu kimoja, na anayeugua huchotewa. Akina mama wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika chama chao cha mazishi kila mmoja hutoa kila mwezi, na nyumba iliyopatwa na msiba husaidiwa. Sijasikia hata siku moja mama akisimama mwisho wa mwaka na kusema, "Nirudishieni fedha zangu, kwangu hakufa mtu." Anamshukuru Mungu, anaendelea kutoa. Bali mzee wangu alipoambiwa kuhusu SHIF aliuliza, "Na kama kijana haugui?" Nilimjibu kwamba tuombe iwe hivyo.

Hapa pia kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Bima hii ilichukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na watu wengi walipiga kelele kwamba makato yamepanda. Yamepanda kwa nani? Katika NHIF mwenye mshahara wa 12,000 alitoa shilingi 500. Sasa hutoa 330. Mwenye 100,000 alitoa 1,700. Sasa hutoa 2,750. Kwa hiyo kelele nyingi zilitoka kwa sisi tulio na madawati, na kijana wa ng'ombe akaogopa kwa niaba yetu. Lililo la kweli ni kwamba hospitali nyingi zimelalamika kucheleweshewa malipo tangu mpango huu uanze, na mgonjwa aliyeambiwa leta fedha taslimu hali amekatwa kila mwezi hana sababu ya kuusifu. Hilo ni deni la walio juu, wala sitalifunika. Lakini aliye na bima inayosuasua ana mahali pa kulalamikia. Asiye nayo hana.

Ile ada ya nyumba, iliyo katika sheria ya mwaka 2024, nitasema waziwazi kwamba mimi siioni kuwa bima. Ni kodi kwa kazi maalumu. Tuilipe, maana ni sheria. Lakini tusiichanganye na hizi mbili.

Sasa mbona mwajiri aongeze? Mzee aliuliza hivi: "Mimi nilimwandika anikamulie ng'ombe, sikuandikwa kumlisha uzeeni." Wazo hili la watu wawili kuchanga halikuanzia kwetu. Katika Ujerumani, wakati wa Bismarck, sheria ya bima ya ugonjwa ilitungwa mwaka 1883, ya ajali kazini 1884, na ya uzee 1889; na katika ile ya uzee mfanyakazi na mwajiri walichanga, Serikali nayo ikaongeza. Uingereza ilifuata mwaka 1911: mfanyakazi mwanamume alitoa peni nne kwa juma, mwajiri peni tatu, Serikali peni mbili, na stempu zikabandikwa katika kadi. Sababu ilikuwa moja kila mahali. Kiwanda kilikuwa kikitumia nguvu za mtu kwa miaka arobaini, kisha kikamrudisha kijijini akiwa hana mgongo wala mapafu, na kijiji ndicho kilichomlisha. Yaani faida ilibaki upande mmoja, gharama ikabaki upande mwingine. Mchango wa mwajiri ni kurudisha sehemu ya gharama mahali ilipotoka.

Habari ya Marekani yatuhusu zaidi sisi wakulima. Sheria yao ya mwaka 1935 ilileta kodi ya mshahara ambayo mwaka 1937 ilianza kwa sehemu moja katika 100 kwa mfanyakazi na moja kwa mwajiri. Leo kwa uzee, ulemavu na warithi ni 6.2 kwa kila mmoja, na kwa matibabu ya wazee 1.45 kwa kila mmoja. Mtu wa kwanza kulipwa kila mwezi alikuwa mwanamke wa Vermont aliyeitwa Ida May Fuller, karani kama mimi. Alikuwa amekatwa dola 24.75 kwa jumla. Januari 1940 alipata hundi ya dola 22.54, akaishi hadi miaka 100, naye kwa jumla alilipwa zaidi ya dola 22,000. Wala si uchawi. Kule walio kazini leo huwalipia walio wazee leo, nao watalipiwa kesho. Mfuko wetu wa NSSF haufanyi hivyo, kila mtu ana hesabu yake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utapewa mara elfu moja. Utapewa ulichowekewa na faida yake, kwa hiyo mwezi usiowekewa haufidiwi na mtu mwingine.

Lakini nilitaka kusema jambo jingine la Marekani. Ile sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani. Wa viwandani waliingia. Aliyechuma pamba hakuingia. Wafanyakazi wa kudumu wa mashamba waliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1950, na wakulima wenyewe kwa yale ya 1954. Miaka kumi na mitano mtu alivunja mgongo shambani bila kuandikiwa hata senti. Ukiwauliza walioiacha hivyo wakati ule, sababu mojawapo waliyotoa ni hii hii ninayoisikia dirishani petu: mashamba ni mengi, yametawanyika, na kukusanya fedha kidogo kidogo ni taabu. Ni kweli ni taabu. Lakini taabu hiyo iliondolewa kwa karani ikawekwa juu ya mchuma pamba.

Kwetu sheria haimwachi nje kijana wa ng'ombe. Ni sisi tunaomwacha. Husemwa, "Huyu ni kibarua wa siku." Je, kibarua wa siku hufanya kazi miaka minne mfululizo? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua akifanya kazi siku zisizokatika zikafika mwezi mmoja au zaidi, huhesabiwa kama aliyeandikwa kwa mwezi. Kumlipa kila jioni hakubadili hesabu hiyo.

Husemwa pia, "Yeye mwenyewe hataki kukatwa." Hilo naliamini. Mimi nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilitaka shilingi zote mkononi, na kama mtu angeniuliza kuhusu uzee ningecheka. Ndiyo maana halikuachwa kuwa jambo la hiari. Na wapo wasemao, "Basi nitampunguzia mshahara kiasi cha sehemu yangu." Wataalamu wa uchumi husema kwamba mara nyingi, baada ya miaka, sehemu ya mwajiri humrudia mfanyakazi kwa njia hiyo, mshahara ukikawia kupanda. Huenda. Lakini mshahara wa shamba una kiwango cha chini kilichowekwa na Serikali, na aliye karibu na kiwango hicho huwezi kumshusha. Kwa watu hao mwajiri hutoa kweli.

Msomaji, kuna kosa baya kuliko kutokutuma, nalo ni kukata na kutokutuma. Niliwahi kufundisha katika shule moja ya binafsi mwaka 2015. Kila mwezi karatasi yangu ya mshahara ilionyesha NSSF shilingi 200, na NHIF. Nilipoondoka nikaenda kuangalia hesabu yangu, nikakuta miezi kumi na moja haina kitu. Zilizokatwa kwangu na zilizopasa kuongezwa zilikuwa 4,400 kwa jumla. Si fedha za kumfilisi mtu, na pengine nisingeziandika hapa. Lakini mwenzangu tuliyefundisha naye pamoja mtoto wake alivunjika mguu mwaka ule, akampeleka hospitali akiwa na kadi yake, akaambiwa dirishani kwamba michango yake imesimama. Alikuwa amekatwa mwezi ule ule. Alikopa, akauza baiskeli na viti, na mtoto alilala siku mbili kabla ya kufungwa mguu. Tulipouliza tuliambiwa kwamba shule ilikuwa na shida ya fedha. Sote tulikuwa na shida ya fedha. Ila ile haikuwa fedha ya shule. Ilikuwa ya mwalimu, imekaa tu mkononi mwa shule ikingojea kutumwa.

Kwa hiyo nilimwambia mzee: afadhali ukae na deni lako kuliko kumkata kijana halafu fedha zikanunua dawa ya kupe. Hilo ni wizi, hata kama ng'ombe walipona.

Kuna faida ya mwajiri pia, nami nashangaa haitangazwi. Kwa Sheria ya Ajira, mfanyakazi wa mwezi asiyekuwa katika NSSF wala mpango mwingine wa pensheni, ukimwachisha kwa notisi, ana haki ya kudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Mzee wangu ana deni la namna hiyo la miaka minne, na hakujua. Angekuwa akituma, asingedaiwa. Na usidhani kwamba SHIF inakuondolea ajali ya kazini. Kijana akikatwa vidole na mashine ya kukatia majani, fidia ni juu ya mwajiri kwa sheria ya mwaka 2007 ya fidia za kazini, na bima yake ni nyingine, hulipwa na mwajiri peke yake. Ikiwa una mashine hiyo, ulizia.

Sasa niseme upande wa pili, maana sikukaa katika ofisi hii nikawa kipofu. Kazi ya kutuma fedha hizi ilipangwa na watu walio na wahasibu. NSSF ina mlango wake, SHIF ina mlango wake, ada ya nyumba hupitia Mamlaka ya Mapato. Namba tatu za siri kwa kijana mmoja na ng'ombe wanne. Mwisho wa kutuma ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Chama chetu cha maziwa hulipa wakulima baada ya tarehe 10. Mtu aliyepanga tarehe hiyo hakuuliza ng'ombe. Maoni yangu ni kwamba vyama vya ushirika vipewe ruhusa na fomu, ili mkulima anayetaka akatwe sehemu yake na ya mfanyakazi wake pale pale kwenye malipo ya maziwa au majani chai, na chama kitume kwa mlango mmoja. Tayari vyama hukata madeni ya mbegu na chakula cha mifugo, wala hatusikii mtu akisema hesabu imewashinda. Kama wataweza kukata deni la mashudu, wataweza kukata akiba ya mtu.

Na wewe mkulima mwenyewe, usijisahau. Asiye na mshahara hulipia SHIF kwa nyumba yake kwa kadiri ya mapato yaliyopimwa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima mbele. Yafaa uzitenge wakati wa mavuno. Kwa uzee NSSF ina mpango wa Haba Haba kwa wanaojitegemea, unaoanzia shilingi 25 kwa siku.

Mzee alirudi juma lililofuata, naye akaja na kijana. Kijana hakusema neno mpaka nilipomwonyesha kwamba zile 720 za mzee zinaandikwa kwa jina lake. Akauliza, "Na nikihama, zinabaki kwa mzee?" Nikamwambia hapana, namba yake humfuata popote. Akamtazama mzee, mzee akatazama nje. Tulijaza fomu. Kuhusu 1,230 walikubaliana wenyewe njiani, sikuwauliza. Nimesikia mzee amepandisha mshahara kidogo, na kijana hajahama.

Ukitaka kufanya kama wao, njoo na kitambulisho chako na chake, namba yako ya Mamlaka ya Mapato, na namba ya simu ya kila mmoja. Mfanyakazi aje mwenyewe ili aone jina lake limeandikwa sawasawa, maana herufi moja ikikosewa leo huleta taabu miaka thelathini baadaye. Tunafungua saa mbili asubuhi. Jumanne usije, ni siku ya soko na dirisha hujaa watu wa mbolea.